Majani ya Chini

Mama Berthe alikataa kuomba msamaha, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kama angepiga magoti asubuhi ile akasema neno moja tu la pardon, faili lingefungwa, komanda angekunywa chai yake kwa amani, na Likasi nzima isingejua kamwe ni nani aliyeua mahindi ya Shemasi Philippe. Lakini mjane huyo wa Kikula alikaa kwenye benchi la kituo cha polisi, mgongo umenyooka, kitenge kimefungwa sawasawa, akamtazama kila askari aliyepita kana kwamba wao ndio waliokamatwa.

Bibiane Mwelwa, afisa wa upelelezi, alikuwa amerudi kutoka Kapolowe kwa kesi nyingine ya wizi wa nyavu. Hajavua hata koti, komanda David alimwita ofisini na kumpa habari. Shamba kubwa la Shemasi Philippe, njia ya Kapolowe, lilikuwa limeharibika. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, kisha yakadumaa. Majani yakajaa milia myembamba ya rangi nyeupe na njano toka shina hadi ncha. Ng'ambo ya njia, mita chache tu, shamba dogo la Mama Berthe lilikuwa kijani kibichi, linacheka. Pitshou, mlinzi wa Philippe, alikuwa amemwona mama huyo asubuhi moja akizunguka na beseni na kutupa unga mweupe. Jumapili Philippe akalitaja jina lake kanisani. Jumatatu waumini wakamkamata na kumpitisha katikati ya soko la Kikula wakimwita mulozi, mchawi, hadi mlangoni pa polisi.

Na zaidi ya hayo, komanda alisema, amekiri. Askari wa chini yake, Brigedia Jeancy, alimhoji mwenyewe, akaandika kwa mkono wake kwamba mshitakiwa alitia dawa ku mahindi. Mchana Philippe atakuja. Mama akiomba msamaha mbele yake, mambo yataishia hapo kwa masikilizano. Asipoomba, kesho atapelekwa kwa mwendesha mashtaka kwa kuharibu mazao kwa sumu, na chifu wa kijiji alikwisha kusema kwamba shamba lake litapewa mtu mwingine. Mama yule hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya shamba lile na jina lake.

Bibiane aliomba apewe hadi mchana. Komanda alipumua kwa nguvu. Alimjua Bibiane: mtoto wa Kakontwe, binti wa mvunja mawe, kichwa kigumu kama mawe ya baba yake. Kumkatalia kulichosha kuliko kumkubalia. Akamruhusu.

Alimhoji mama palepale kwenye benchi. Jeancy alisimama mlangoni, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda mechi.

"Mama, ulitia dawa?" Bibiane aliuliza.

"Nilitia."

"Ku mahindi?"

"Ku mahindi."

"Mahindi ya nani?"

Mama Berthe aligeuza kichwa taratibu, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Yangu," alisema. "Njo swali ya kwanza ya akili minasikia mu hii nyumba."

Tabasamu la Jeancy liliyeyuka. Maskini, hakuwa mtu mbaya. Ila neno dawa kwetu ni neno lenye nyumba nyingi: dawa humponya mtoto homa, dawa huua panya, dawa humrudisha mume aliyetoroka, na dawa hummaliza jirani. Jeancy alilisikia neno, akaingia nyumba ya kwanza aliyoiona wazi, akafunga mlango. Hakuuliza dawa gani wala shamba la nani.

Mama alieleza. Viwavi walikuwa wameanza kuingia kwenye moyo wa mahindi yake, basi alichukua majivu ya mbabula yake, jiko la makaa, akayatia kidogo kidogo katikati ya kila mche. Kuhusu kuzunguka: alikuwa anafagia. Kulizunguka shamba lake lote alikuwa ameacha ukanda mpana wa udongo mtupu, usioachwa uote hata jani, na kila baada ya siku chache aliufagia kwa ufagio kama ua wa nyumba. Bibiane akauliza kwa nini mtu afagie porini.

Mama akasema mume wake alipokufa, mashemeji walisema mwanamke hataweza kulishika shamba lile, litarudi msitu. Basi akaapa hawataona hata unyasi mmoja. "Shamba yangu ni lupango yangu," alisema, yaani ua wa nyumba yake. "Batu banacheka. Bacheke."

Bibiane alimwamini, na hilo halikumsaidia kitu. Imani haiandikwi kwenye faili. Philippe angesema mwanamke amejitetea, na nani hajitetei? Ilibidi mahindi yenyewe yaseme. Akampigia simu Théophile, agronomu, bwana shamba wa serikali, mwanamume mrefu mwembamba ambaye ofisi yake ilikuwa na meza moja na ambaye watu walimkumbuka tu wakati wa kugawa mbegu. Théophile alifurahi kuitwa kwa jambo la polisi hivi kwamba alifika kwa pikipiki kabla Bibiane hajamaliza kufunga kamba za viatu.

Shambani walimkuta Pitshou na panga lake, na wivu wake kwa mali ya bosi wake. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, anajivunia shamba lile kuliko mwenye nalo. Aliwaonyesha mistari kwa uchungu wa kweli. Bibiane alichuma jani, akalisugua kwa kidole alichokilowesha mate. Yeye alikulia kwenye vumbi la chokaa. Nguo, nywele, hata bukari, ugali wa nyumbani kwao, ilikuwa na vumbi, na alijua kwamba vumbi au unga wowote uliotua juu ya jani hutoka ukisuguliwa. Mistari haikutoka. Ilikuwa ndani ya jani. Akatafuta matundu ya viwavi, hamna. Akatazama maharage yaliyopandwa katikati ya mahindi: mazima, yanachanua. Akajiuliza ni sumu gani hii inayochagua, inayomruka mharage na kumpiga mhindi aliyesimama naye bega kwa bega.

Akamwomba Pitshou aeleze ile siku ya beseni. Pitshou akasema ilikuwa wakati wa palizi ya kwanza. Mahindi yalikuwa na urefu gani? Akaweka kiganja juu kidogo ya kifundo cha mguu.

Bibiane alichuchumaa. Aliushika mche mmoja, akapandisha macho toka chini kwenda juu, kisha akafanya vilevile kwa mche wa pili, na wa tatu, hadi Pitshou akaanza kudhani afisa anasali. Majani ya chini yalikuwa safi. Kijani tupu, hayana hata mstari. Milia ilianzia juu yake, na kadiri jani lilivyokuwa changa ndivyo lilivyokuwa limeharibika.

"Théo," alisema bila kusimama, "jani ya chini njo ya zamani, ama?"

"Ya zamani. Muhindi inaongeza majani ku juu."

"Donc, basi, siku ile ya beseni, majani yenye ilikuwa hapa ni haya."

"Haya tu."

"Na haya iko safi."

Théophile akacheka kwa sauti, akavua miwani na kuifuta. Kama mtu angemwaga sumu siku ile, alisema, ingeyaunguza majani yaliyokuwepo siku ile, si majani ambayo yalikuwa bado hayajazaliwa. Kitu hiki hakikuanguka juu ya jani. Kiliingia ndani ya mwili wa mche, na kila jani lililotoka baadaye lilitoka tayari ni gonjwa. Akamwonyesha cha kufanya: alikaribia mche kwa hatua za paka, akaligeuza jani ghafla. Chini yake palikuwa na kidudu kidogo cha rangi ya majani makavu, hakifiki punje ya mchele, na kabla Bibiane hajakitazama vizuri kikatembea kiubavu, kikaruka, kikapotea.

Huyo ni sikadeli, alisema Théophile. Jina la Kiswahili hajalisikia, maana hakuna aliyewahi kumtazama mdogo huyo kiasi cha kumpa jina. Hatafuni jani, anachoma mdomo kama sindano na kunywa maji ya mmea. Kunywa kwake si kitu. Ubaya ni kwamba akinywa kwenye mche mgonjwa anabeba ugonjwa mdomoni, na mche mzima wa kwanza atakaouchoma anauachia. Lakini hazaliwi na ugonjwa huo. Lazima ameutoa mahali.

Wapi? Hilo ndilo Bibiane alilotaka, na hapo Théophile akamwachia, kwa sababu ugonjwa aliujua lakini shamba lile hakulijua. Sasa ilikuwa zamu ya polisi. Kama adui alitoka kwa Mama Berthe, Bibiane aliwaza, basi miche ya karibu na njia, upande wake, ndiyo ingeumia zaidi. Akatembea kando ya njia ile akihesabu kwa macho. Huku miche mizima ilikuwa mingi kuliko migonjwa. Akavuka, akaingia kwa mama. Ukanda wa udongo ulikuwa umefagiwa kweli, alama za ufagio zinaonekana. Akaokota unga mweupe uliobaki pembeni, akautia mate, ukawa uji wa kijivu kidoleni. Majivu. Miche ya mama ilikuwa safi, isipokuwa michache ya ukingoni. Théophile alifurahi tena: mdudu yule anapenda kuruka toka unyasi hadi unyasi, jani hadi jani, hapendi kuvuka udongo mtupu. Mama alikuwa akifagia kwa ajili ya mashemeji, kumbe anamfungia mlango mdudu asiyemjua.

Kisha Bibiane akageuka, akatembea upande wa pili. Kadiri alivyokwenda ndivyo mahindi ya Philippe yalivyozidi kuwa mabaya: mafupi, meupe, hadi yale ya mwisho yalikuwa kama vifagio vya njano. Mwisho wa shamba palikuwa na bonde dogo na kijito. Na bondeni, kando ya mashine ya kuvuta maji iliyofunikwa kwa turubai, yalisimama mahindi mengine, makubwa, makavu, hayajakatwa, machipukizi mapya yakitoka kwenye punje zilizoanguka. Bibiane alilitikisa bua moja. Wadudu wakaruka wengi kama pumba inayopepetwa.

"Hii ni nini?" alimwuliza Pitshou.

Basi Pitshou akavimba kifua. Hiyo ni mahindi ya kiangazi ya patron, alisema. Likasi nzima ilipokuwa imekauka, wao tu ndio waliokuwa na mahindi mabichi. Wamama wa soko walikuja wenyewe hadi hapa, wanapanga mstari. Bibiane akauliza mabua yanangoja nini. Patron amekataza kuyang'oa, alisema Pitshou, wageni wakija anapenda kuyaonyesha. Théophile alikuwa tayari amepiga magoti kwenye machipukizi. Kila jani lilikuwa na milia.

Bibiane alichuma majani, ya chini na ya juu, ya bondeni na ya kando ya njia, akayafunga kila upande peke yake, akamwambia Pitshou atie saini kama shahidi kwamba yametoka pale. Alijisikia vizuri sana, na sioni kwa nini nifiche. Alikuwa amekuja na swali moja, anarudi na jibu mfukoni.

Mchana Shemasi Philippe aliingia ofisini kwa komanda katika suti ya rangi ya divai, kofia mkononi. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye sauti iliyozoea maikrofoni. Alimpa mkono komanda, akampa mkono Jeancy, akamruka Mama Berthe. Alisema moyo wake ni mweupe, kwamba mama apige magoti tu, na yeye kama Mkristo atasamehe. Watu walikuwa wamejaa nje ya uzio kusikiliza: waumini, wamama wa soko, wenye pikipiki. Mama Berthe alitazama ukuta.

Komanda alimgeukia. "Mama, sema pardon, tumalize."

"Muntu anaomba pardon ya kitu alifanya," alisema mama. "Miye, munifunge tu."

Hapo Bibiane akaomba ruhusa ya kuuliza maswali machache tu, ya kukamilisha faili. Akaongea kwa adabu, macho chini. Akasema amefika shambani na ameona mahindi ya bondeni, na katika maisha yake hajaona mtu anayevuna wakati wa ukame. Baba Shemasi alifanyaje?

Philippe akalainika. Akaeleza mashine, mipira ya maji, akaeleza alivyoamka kwenye baridi ya kiangazi ambapo wengine wanajifunika blanketi. Bibiane akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akamwachia aendelee. Kisha akauliza mbegu ilikuwa gani, maana majani yake si ya kawaida.

"Ah, uliona," alisema Philippe, na akageukia watu waliochungulia dirishani ili nao wasikie. "Ile ni mbegu ya pekee. Ilitoka na mistari tangu mu baridi, mizuri, sawa kitenge. Nilionyesha kanisa yote. Hamuna mutu mwingine mu Likasi iko na mahindi ya namna ile."

Nje, sauti kadhaa zikaitikia: kweli, alituonyesha. Mwanamke mmoja akasema alipewa hindi moja kama zawadi.

Bibiane akafungua vifurushi vyake juu ya meza, bila haraka. Akaweka jani la bondeni. Kando yake akaweka jani la shamba kubwa, lile lililosemwa limelogwa. Milia ilikuwa ileile. Mtoto wa shule angeiona.

"Baba Shemasi," alisema, "hii mbili, iko na tofauti gani?"

Philippe alitazama. Alitazama tena. Mikono yake ikaizungusha kofia.

Bibiane hakumsubiri. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kila hatua mahali pake: mdudu, mdomo wake, ugonjwa uliokuwa bondeni tangu baridi, siku ya beseni iliyokuja baada ya mvua kuanza. Akaonyesha majani ya chini, safi, na akauliza sumu gani inayoweza kusubiri jani lizaliwe. Mahindi ya bondeni yalipoanza kukauka, wadudu walipanda juu kutafuta chakula kibichi, wakakuta mahindi mapya yamepandwa jirani kabisa. Mashine ya maji iliwalinda wakati wote ambao wangekufa kwa kiangazi. Théophile, aliyekuwa amesimama pembeni, aliongeza kitu kimoja tu: mabua yale na miche yote migonjwa ing'olewe wiki hii, la sivyo mashamba yote hadi Kapolowe yatavaa kitenge hicho.

Pale ofisini Jeancy aliichukua karatasi yake ya mahojiano, akachora mstari mahali pa kukiri, na akaandika juu yake, polepole, mahindi yake mwenyewe, majivu. Hakuna aliyemwamuru. Bibiane aliliona hilo, akampenda kidogo.

Philippe akakohoa. Hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomuumiza. Aliamini kweli kwamba amelogwa. Sauti ya maikrofoni ilikuwa imemtoka. Alisema kumbe ni makosa ya mashetani ya wadudu, kwamba yeye na mama ni majirani, mambo haya tuyamalize humu ndani kama familia, hakuna haja ya kelele. Komanda akaona mwanya mzuri. Akamwambia Mama Berthe kwamba yuko huru, hana kesi, shamba ni lake, na chifu ataandikiwa leo. Kisha akainama karibu naye, kwa wema kabisa, akasema mbele kuna watu wengi, kelele, aibu. Askari atamtoa kwa mlango wa nyuma, apite njia ya karibu afike nyumbani kupumzika.

Mama Berthe alisimama. Alifungua kitenge chake, akakifunga upya, kikakaa vizuri zaidi ya mwanzo.

"Balinileta kwa mulango ya mbele," alisema. "Njo kule nitatokea." Kisha akamgeukia Philippe, na kwa mara ya kwanza siku ile akamsemesha. "Weye utatangulia, baba. Ulinitaja mbele ya batu. Utanirudisha mbele ya batu."

Komanda alifungua mdomo. Bibiane akamtangulia: akaenda mlangoni, akaufungua wote, akasimama pembeni wima kama anavyosimama wakati wa bendera. Hakuna amri iliyotolewa, lakini hakuna aliyebaki na shaka ya njia ya kutokea.

Philippe alitoka kwenye kibaraza. Watu walijaa hadi barabarani, na ilikuwa wazi kwamba maneno ya dirishani yalikuwa yamewafikia wa mbele tu; wa nyuma walikuwa bado wanaulizana mulozi amehukumiwa nini. Kofia ilikuwa bado mkononi. Alisema, macho kwenye viatu vyake, kwamba Mama Berthe hakufanya kitu, kwamba ugonjwa ulitoka katika shamba lake mwenyewe, na kwamba yeye, Philippe, anaomba msamaha. Aliyasema yote, hakuruka neno, ila kwa sauti ya mtu anayezungumza na kola ya shati lake.

Mama Berthe alikuwa amesimama nyuma yake, kichwa juu, Bibiane ubavuni pake. Alisubiri hadi alipomaliza. Kisha akamgusa bega kwa kidole kimoja.

"Panza sauti, baba," alisema. "Bale ba nyuma habasikie."